Ziwa lilifungwa miezi mitatu, na simu je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mama wa miaka 53, nauza dagaa Kibirizi hapa Kigoma tangu 1998, na nimechoka kusoma kila wiki kwamba simu zinawaharibu vijana. Vijana wangu nawafahamu. Aliyeniulia mtaji ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Novemba 2023. Alfajiri nilinunua dagaa wabichi wa Sh400,000, nikawatandaza kwenye vichanja, na kama saa 4 nikawageuza mara ya kwanza. Dagaa wa kukausha hawataki mengi: jua, mkono wa kuwageuza wasishikane, na jicho. Jicho la kufukuza kunguru, na jicho la kutazama ng'ambo. Sisi tuna kipimo chetu cha mvua. Milima ya Kongo ikionekana, endelea na kazi, ikianza kufifia, inuka, ikipotea, umeshachelewa. Siku hiyo nilikaa chini ya mwembe natazama video ya harusi ya watu nisiowajua, sijui hata ni ya mkoa gani. Bibi harusi alikuwa analia. Nikataka kujua analilia nini. Ikaisha bila kusema, ikaja ya mwanamke anayepika vitumbua, halafu ya mbuzi anayepanda ngazi.

Mwenzangu alipopiga kelele, "Mama we, dagaa!", tone la kwanza lilikuwa limeshaanguka kwenye kioo cha simu, na nakumbuka vizuri kwamba nililifuta kwa kidole nikaendelea kutazama. Aibu yangu iko hapo, Mhariri. Nilifuta mvua.

Wenzangu walishakusanya wa kwao wakafunika maturubai. Wangu walilowa, jua halikurudi siku mbili, wakabadilika rangi na kuanza kunuka. Niliwauza Sh80,000 kwa mtu wa chakula cha kuku, naye alinunua huku amegeuza uso pembeni.

Kuna watakaosema, basi mama itupe hiyo simu. Haitupiki. Mteja wangu mkubwa yuko Tabora, mwingine Dar es Salaam. Kabla sijashona gunia natuma picha, anajibu hawa sawa, hawa wana mchanga siwataki, pesa inaingia, mzigo unapanda gari. Nilipoanza biashara nilikuwa nasafirisha gunia kwa treni pamoja na barua, kisha nakaa kusubiri siku kadhaa nijue kama nimepata faida au nimemlisha mtu bure. Simu ile ile iliyonilowesha dagaa ndiyo iliyonijengea jiko la matofali.

Usiku ule wa hasara nilihesabu makundi ya WhatsApp niliyomo. Yalikuwa 23. Vikoba, kwaya, ukoo wa baba, ukoo wa mama, wachuuzi wa dagaa, na wachuuzi wa dagaa waliogombana na wale wa kwanza. Kamati za harusi zilikuwa tatu, na moja ni ya watu ambao sasa mtoto wao anakwenda chekechea, ila hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kutoka. Na wanaotuma sana humo si vijana. Ni shemeji zangu na wazee wastaafu, watu wa heshima zao, wanaoamka saa 10 usiku kutuma picha za maua zilizoandikwa habari za asubuhi, na chini yake dawa ya kisukari ya majani ambayo hakuna daktari aliyeiona.

Mume wangu alivua miaka mingi enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Nilipomweleza yaliyonipata hakunipa pole. Alisema, "Lakini mke wangu, si ndivyo sisi tunavyowavua?" Akaanza kunieleza kama vile sijakaa naye miaka 27. Mnatoka usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa yako haina kazi. Mnawasha, mnatulia. Dagaa hawaji kwa pupa. Wanakuja wachache, wanazunguka, wanaondoka, wanarudi na wenzao, duara linabana, na muda wote huo wavu umeshakaa chini yao. "Hakuna anayemsukuma dagaa," akasema. Nilimnunia siku mbili. Kwanza alisema kweli, na pili aliyasema hayo yote simu yake ikiwa mkononi.

Mwanangu anayesomea kompyuta Dodoma naye aliniambia jambo nisilolijua. Zamani kurasa za intaneti zilikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza ndipo uende ukurasa wa pili. Mwaka 2006 Mmarekani anayeitwa Aza Raskin akabuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kadiri unavyoushusha, usifike chini. Baadaye huyo huyo akasema hadharani kwamba anajuta. Nikamuuliza mwanangu, sasa kama anajuta mbona haufungi? Akacheka, "Mama, si wake tena." Nikalifikiria gazeti lenu. Lina ukurasa wa mwisho, wa michezo. Ukishaumaliza unafungia maandazi, habari imekwisha.

Nilijaribu kujizuia peke yangu. Nikazima data saa 1 jioni. Asubuhi nawasha nakuta dada yangu ameandika, "Tiki moja tangu jana. Umenifungia? Nimekukosea nini?" Shemeji akadhani naumwa. Mweka hazina wa Vikoba akadhani nimekimbia na marejesho. Siku ya nne nikawasha, na sikuzima tena.

Ikaja 15 Mei 2024, Ziwa Tanganyika likafungwa hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwenu huko mjini huenda ilikuwa habari ya siku moja, kwetu ilikuwa miezi mitatu ya vichanja vitupu. Sitasema nilifurahi. Nilinung'unika kama wengine, mchana sina kazi, bando la wiki likawa linakwisha siku ya tatu. Lakini siku moja nilikaa ufukweni nikatazama mitumbwi iliyopandishwa mchangani, ya matajiri na ya hohehahe, imelala ubavu kwa ubavu, nikaelewa kitu ambacho mawaidha ya kujizuia hayajawahi kunieleza. Hakuna mvuvi anayeweza kulipumzisha ziwa peke yake. Ukibaki nyumbani na jirani yako akaingia majini, umempa riziki yako tu, na ziwa halijapumzika. Wavuvi hawakuambiwa kila mtu ajizuie kwa moyo wake. Waliwekewa tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua.

Basi nami nikafunga nyumba yangu. Tuko sita: mimi, mzee, binti zangu wawili, mjukuu wa kiume na mpwa anayesoma sekondari. Saa 1 jioni simu zote zinaingia kwenye sufuria kubwa la pilau, linafunikwa, linawekwa juu ya kabati. Saa 11 alfajiri linafunguliwa, maana huo ndio wakati wa kwenda kupokea mitumbwi. Nje ya sufuria kunabaki kitochi kimoja, na namba yake wanayo watu watatu: mwanangu wa Dodoma, mteja wangu wa Tabora na mwenyekiti wa Vikoba. Huyo wa mwisho ninajuta kumpa. Makundi 19 nimeyanyamazisha, na ukoo wote nimewatangazia saa zangu mara moja, ili tiki moja isiitwe ugomvi tena.

Anayekamatwa na simu ndani ya muda uliofungwa tunamwita mvuvi haramu, na faini ni Sh500 kwenye kopo. Nilitegemea kuwakamata watoto. Wiki ya kwanza mjukuu alifanya doria akamkuta babu yake chooni, taa ya choo imezimwa, mlango unang'aa kwa ndani. Mpaka naandika barua hii kopo lina Sh14,500, na katika hizo Sh9,000 ni za mzee. Zangu ni Sh2,000. Siku moja nilijitetea kwamba nilikuwa naangalia saa, na mjukuu akanionyesha saa ya ukutani.

Sitawadanganya kwamba nyumba imegeuka pepo. Jioni za mwanzo tulikaa tukatazamana kama abiria wa treni iliyoharibika njiani. Hatukuwa na la kusema. Baadaye mzee akatoa wavu wake wa zamani uliotoboka akaanza kuushona, ingawa haendi tena ziwani, na mpwa akasogea kuuliza hili fundo linafungwaje. Wakati mwingine wanaongea, wakati mwingine ni redio tu. Binti mdogo bado anavuka kwenda kwa jirani, kwenye simu za wenzake, anarudi saa 3. Sina la kumfanya. Ziwa hili nalo ni la nchi nne, na samaki hawaombi pasi ya kusafiria. Ndiyo maana nawaomba majirani zangu wa mtaa huu nao wafunge, na wawili wamekubali.

Kwenye vichanja tuko kina mama saba tunaopakana. Tumekubaliana zamu: mmoja anashika simu za wote kwenye beseni, zikilia anaangalia kama ni mnunuzi, sisi wengine tunageuza. Aliye zamu hatandazi siku hiyo, na tunamlipa kidogo kidogo. Dagaa wetu wanakauka sawasawa zaidi, na hilo mteja wa Tabora amelisema mwenyewe bila kuulizwa. Mvua bado inatupata. Aprili ilitupiga wote saba, simu zikiwa kwenye beseni na macho yetu yote ng'ambo. Ilishuka tu kutoka nyuma, upande wa mjini, ambako hakuna anayetazama.

Ombi langu kwenu ni moja. Mkiandika tena habari za simu, mtumeni mwandishi akae na watu wa rika langu, kwenye gati, kwenye vikao vya harusi, kanisani na msikitini, ahesabu shingo zilizoinama. Halafu awaulize wamefunga saa ngapi na wamefunga na nani.

Jina langu mnalo hapo chini pamoja na namba, lakini naomba msilichapishe. Mume wangu husoma gazeti hili, na habari ya chooni hajui kwamba nimewaandikia. Mkitaka kunihoji, pigeni kabla ya saa 1 jioni.

Mchuuzi wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma