Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa kamati na wanachama wenzangu wa chama chetu cha wafugaji wa ndege mliofika,

Nasema "mliofika" kwa makusudi. Nitalirudia jambo hilo nikifika kwenye ada.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya mwezi vilifanyika, ukiondoa viwili vilivyokosa akidi. Maonyesho ya Desemba yalikwenda vizuri na washindi mnawafahamu. Uwele na ulezi tulinunua kwa pamoja, na ile bei mliyoifurahia niliihangaikia mimi mwenyewe kwa mwenye duka. Katibu alikuja siku ya kupakia magunia. Wavu wa banda upande wa barabarani umebadilishwa baada ya paka kutoboa. Tuendelee.

Suala la banda. Mwezi Machi kamati iliamua kwamba chiriku pundamilia wa chama, hawa ndege wadogo wenye asili ya Australia, wasipangiwe tena jozi. Madume na majike wanawekwa pamoja kwenye banda kubwa, wachaguane wenyewe, na jozi ikishajulikana ndipo inapewa tundu lake na kiota. Tangu siku hiyo nimeitwa majina mengi, na kwenye kundi la simu kuna aliyeniita mshenga. Mshenga ni yule anayepeleka posa za watu. Mimi nimewaambia ndege wajipelekee.

Wanaolalamika zaidi ni waliozoea kupanga jozi kwa daftari, mweupe kwa mweupe, kwa sababu rangi hiyo inauzika. Kutaka fedha si dhambi. Lakini mayai viza tuliyokuwa tukiyatupa kila mwezi wakati wa daftari yalikuwa ya nani? Na makinda waliokutwa wamekufa hata macho hawajafungua, nani aliwalipia?

Uamuzi huu sikuuota usingizini. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck kule Seewiesen, Ujerumani, walichapisha utafiti wa chiriku pundamilia 160. Katika kila kundi waliweka majike 20 na madume 20 pamoja, wakawaacha wachumbiane. Kisha nusu ya jozi zilizopatikana waliziacha zilivyo, na nusu nyingine wakazivunja na kumpa kila ndege mwenzi ambaye hakumchagua. Wale walioachiwa chaguo lao waliishia na makinda hai zaidi kwa asilimia 37. Viota vya waliolazimishwa vilikuwa na mayai yasiyo na mbegu karibu mara tatu, na makinda wengi walikufa ndani ya saa 48 za kwanza, wakati ambapo baba hakuwa akikaa kiotani inavyotakiwa. Naomba mnisikilize hapa: madume wa pande zote mbili walichumbia kwa bidii ileile. Majike waliolazimishwa ndio waliokuwa wagumu kuwakubali. Kwa hiyo mwanachama anaponiambia dume lake "linaimba mpaka koo linakauka", simbishii. Sikuuliza dume linataka nini.

Nalitolea mfano dume jeupe lililochukua nafasi ya kwanza kwenye maonyesho, kwa kuwa ndilo lililozua haya yote. Waliokuja bandani asubuhi waliliona. Linaruka fito kwa fito kumfuata jike, manyoya ya kichwani yamelala, ya mwilini yamevimba, mkia umeelekezwa kwake, kichwa kushoto, kulia, kushoto, na wimbo haukatiki. Jike akapangusa mdomo kwenye fito, akaenda kunywa maji. Baadaye dume la kijivu, la kawaida kabisa, likaimba mara chache. Jike yuleyule akainama, mkia ukaanza kutetemeka. Mfugaji yeyote anajua mkia huo unasema nini. Jioni walikuwa wamebanana kwenye fito moja, wakichambuana manyoya ya shingo. Mwenye dume jeupe akaandika barua ya kurasa mbili kwa kamati. Tumeijibu. Jibu ni kwamba majaji wa maonyesho hawatagi mayai.

Halafu wakaja watu wa pete nyekundu. Ni kweli kwamba miaka ya 1980 mtafiti Nancy Burley wa Marekani alieleza kuwa majike wa chiriku hawa walipendelea madume waliovishwa pete nyekundu mguuni na kuwaepuka wenye pete za kijani. Ila baadhi ya waliorudia majaribio hayo miaka ya baadaye hawakuuona upendeleo huo. Basi inakuwaje asubuhi moja nakuta madume sita wa wanachama watatu wamevishwa pete nyekundu, na hakuna aliyeniomba ruhusa? Ziwe zinasaidia au hazisaidii, huo ni ujanja. Pete zote za chama sasa ni za rangi moja, na ufunguo wa banda nakaa nao mimi.

Liko pia suala la kinda wa kijivu aliyetoka kwenye kiota cha jozi nyeupe kwa nyeupe, jozi iliyokuwa bado kwenye banda la pamoja kwa maombi ya mwenyewe. Weupe ule hautoi kijivu. Ama dume jirani alipita, ama jike mwingine alitaga humo. Mambo yote mawili hutokea wanapofugwa wengi pamoja, ingawa huko Australia porini kinda kuwa na baba wa pembeni ni nadra sana. Anayedai fidia nimemwambia chama hakiuzi vyeti vya ndoa. Jozi ikishapatana, ihamishwe mapema. Niliyasema haya Machi na kumbukumbu za kikao zipo.

Kuhusu utaratibu wetu wa kuondoa viota baada ya uzao wa tatu sina maneno mengi. Kwao hawa ndege huzaa mvua ikinyesha na mbegu za nyasi zikipatikana. Hapa kwetu maji na uwele vipo kila siku, kwa hiyo hawajui pa kusimamia. Jike anataga mpaka anaishiwa nguvu na yai linamkwama. Mwacheni apumzike. Na nyuzi za viota mzikate fupi, nimechoka kufungua vidole vilivyonyongwa na uzi.

Sasa ada. Wanachama walioandikishwa ni 64, waliolipa mwaka mzima ni 23, waliolipa nusu ni 11, na waliobaki wanajijua. Mapato yote ni shilingi 1,480,000, matumizi ni shilingi 1,615,000, na pengo hilo limezibwa na mtu ambaye hapendi kujitaja. Cha ajabu, siku ya kugawa makinda walikuja watu 50. Siku ya kusafisha banda tulikuwa watano, mmoja wetu akiwa mtoto wa Katibu. Kuanzia sasa asiyelipa ada hagawiwi kinda, na hili halina haja ya kamati.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupanua banda, kuangalia uwezekano wa kufuga chiriku wa Gould, wale wa rangi nyingi, fedha ikipatikana, na kuwaalika wenzetu wa mikoani. Mazungumzo ya awali yapo.

Wanaotaka uamuzi wa Machi upigiwe kura upya wanayo haki hiyo kikatiba, baada ya kuonana na Mweka Hazina pale mezani. Amekuja na kitabu cha risiti.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti