Tumpe mhusika nafasi ya kusema nasi

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika kwamba mhusika wa kichekesho akigeukia kamera na kusema na watazamaji, hizo ni mbwembwe za mwandishi aliyeishiwa na hadithi. Sikubaliani naye hata kidogo, na shahidi wangu ni The Bernie Mac Show.

Kipindi hicho kilianza Novemba 2001 katika runinga ya Fox nchini Marekani na kikamalizika 2006. Mtunzi wake, Larry Wilmore, alikijenga juu ya masimulizi ambayo Bernie Mac alikuwa akiyatoa jukwaani. Katika kipindi, Bernie anaigiza mchekeshaji mwenye jina lake, anayeishi vizuri Los Angeles na mkewe Wanda, hana mtoto. Dada yake kule Chicago anazidiwa na dawa za kulevya, naye mjomba anawachukua wapwa watatu: Vanessa, Jordan na Bryana. Hapo mtu wa Vihiga, Siaya au Busia, huku magharibi mwa Kenya, hahitaji kuelezwa zaidi. Ni boma gani huku kwetu halijawahi kulea watoto wa dada?

Kila mara Bernie anaketi kwenye kiti chake, anatutazama machoni na kuita, "America!" Kisha anatoa yaliyomjaa. Amechoka. Hajui kulea. Anatoa vitisho vikali ambavyo hatavitimiza. Akitoka hapo anarudi kwa watoto na sura ileile ya ukali, nao hawajui alichotuambia. Sisi tunajua. Mwondolee kile kiti, utabaki na jitu linalowafokea watoto waliokwisha kumpoteza mama kwa namna fulani, nani angecheka? Upendo wake tunauona kwa sababu tumesikia asichoweza kumwambia mtoto, na pengine hata mkewe. Wala hapakuwa na vicheko vya kurekodiwa vya kutuambia mahali pa kucheka. Kipindi kilitunukiwa tuzo ya utangazaji ya Peabody ya mwaka 2001, na Wilmore akapata tuzo ya runinga ya Emmy kwa uandishi mwaka uliofuata.

Ni kweli Bernie hakuwa wa kwanza kuubomoa ule uitwao ukuta wa nne, yaani ukuta wa kufikirika unaomtenga mwigizaji na watazamaji. Mchekeshaji wa Marekani George Burns alikuwa akisema na watazamaji katika miaka ya 1950. Na baadaye familia ya kichekesho cha Modern Family, kilichoanza 2009, ikawa inaketi na kuieleza kamera mambo ya nyumbani. Lakini Bernie hakuwa akihojiwa na mtu. Alituita mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na haja nasi. Kwangu mimi huo ndio urithi mkubwa wa kipindi kile, na bado hatujauchukua. Bernie Mac alifariki Agosti 2008 akiwa na miaka 50 tu.

Sasa mtazame Papa Shirandula wetu, mhusika mkuu wa kipindi cha runinga cha Kenya chenye jina hilo, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, mwana wa Busia. Askari wa lango anayemficha mkewe kazi anayoifanya! Nilikipenda kipindi kile na ninakipenda hadi leo. Lakini mara ngapi nimetamani Papa ageuke, kabla ya kuvaa sare, atuambie kwa nini ukweli huo ni mzito kuusema nyumbani. Wanaume wengi wa huku wangejisikia wakisemewa.

Vipaji tunavyo. Katika tamasha za drama za shule, kuanzia ngazi ya kaunti ndogo, mwanafunzi husimama peke yake kutoa masimulizi, akawauliza wasikilizaji, wakamjibu, akawachekesha, akawaliza. Nimefunza watoto kazi hiyo na ninajua uzito wake. Akimaliza shule na kubahatika kupata nafasi katika runinga, anaambiwa asiitazame kamera kamwe. Kisha vicheko vya mashine vinawekwa juu ya kazi yake.

Ninawaomba watayarishaji wa vipindi waje kwenye tamasha hizo, Kakamega, Kisumu na Nakuru, wakae hadi zamu ya masimulizi, na wawape vijana hao kipindi kimoja kifupi cha majaribio kuhusu nyumba wanazozijua. Kamera moja inatosha. Wenyewe watajua watuambie nini.

Mwalimu wa drama,
Kakamega