Nimeumia kwenye timu bildingi ya ofisi, naambiwa nilikuwa nacheza

Mhariri, pole na kazi.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimekaa nalo moyoni toka Novemba mwaka jana, na sasa naona msimu umeanza tena, kila ofisi inatafuta hoteli Bagamoyo au Morogoro ya kupeleka wafanyakazi, tisheti zinaprintiwa, Kosta zinakodiwa, na mimi bado nachechemea.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni moja hapa Dar, nina miaka 44. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, siku ya kazi, naomba msomaji aishike hiyo maana mbele huko ndo ugomvi wote ulipo. Tulitangaziwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kwamba kuhudhuria ni lazima, asiyekuja alete maelezo kwa maandishi. Saa kumi na mbili asubuhi tukasaini karatasi ya mahudhurio kama tunavyosaini kila siku getini, tukapewa tisheti zenye nembo ya kampuni kifuani, safari Bagamoyo. Asubuhi yote tulikuwa ukumbini meneja anatupitisha kwenye malengo ya mwaka, mchana tukala, na saa tisa mshereheshaji akatutoa nje kwenye nyasi, kukimbia na ndimu kwenye kijiko, mbio za magunia, halafu mwisho kuvuta kamba, stoo na madereva upande huu, mauzo na uhasibu upande ule.

Mvua ilikuwa imepita kidogo, nyasi zinateleza. Mimi nilivaa raba zilizokwisha soli, wengine peku, dada mmoja wa mauzo kandambili. Hakuna aliyesema tunyooshe viungo kwanza. Na ile kamba, mhariri, mimi ni mtu wa stoo kamba nazijua, ilikuwa manila ya kufungia mizigo kwenye fuso, nyembamba, inaunguza viganja, kwa hiyo watu wakaanza kuizungushia mkononi ili wasiiachie. Hapo nilisema kwa sauti jamani msizungushe, sikusikika. Mwaka 1997 kule Taipei, Taiwan, watu zaidi ya 1,600 walikuwa wanavuta kamba ya nailoni kwenye sherehe, ikakatika, na wanaume wawili wakang'oka mkono mmoja mmoja palepale, ikabidi madaktari waishone upya. Kamba ikiwa imejifunga mkononi na watu kumi wanavuta upande wa pili huna muda wa kuitoa. Sasa sisi hatukukatika mkono, namshukuru Mungu, ila ninachosema ni kwamba pale uwanjani hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kujua mambo hayo.

Moja, mbili, tatu, vutaa! Nikachimba mguu wa kushoto nijisukume nyuma, nikasikia pwa! nyuma ya kisigino. Nilijua mtu kanipiga teke, kweli kabisa nikageuka nimuulize mwenzangu mbona unanipiga, nikamkuta yuko mbali nami hatua mbili, kashika kamba macho yamemtoka. Maumivu hayakuwa makali kama mtu anavyodhani. Kilichonitisha ni kwamba nilipotaka kukanyaga tena mguu haukusukuma, yaani upo lakini haunisikii, nikakaa chini kwenye matope.

Wakanibeba wakaniweka chini ya mwembe na mchezo ukaendelea. Wenzangu watatu wakabaki na mimi, wana roho nzuri sana na siwalaumu hata kidogo, mmoja akavuta vidole vya mguu, mwingine akatoa dawa ya kuchua kwenye pochi wakanichua kweli kweli. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwepo. Kosta ilikuwa imeenda mjini. Nilikaa pale mpaka saa kumi na moja na nusu ndipo nikapelekwa kituo cha afya, nikaambiwa umeteguka enka, nikafungwa bandeji na kupewa vidonge vya maumivu.

Nikarudi kazini Jumatatu. Siku 17 nilizunguka stoo na mguu ule, napanda ngazi ya rafu kwa mguu mmoja, nikiuliza naambiwa kuteguka kunachukua muda, na mama watoto kila jioni ananikanda kwa maji ya moto. Mpaka shemeji yangu mmoja akanilazimisha twende kwa daktari wa mifupa. Huyu hata hakuanza na picha. Alinilaza kifudifudi miguu inaning'inia nje ya kitanda, akaminya shavu la mguu wa kulia, ile nyama ya nyuma chini ya goti, unyayo ukacheza. Akaminya wa kushoto, unyayo ukatulia tuli. Akachukua kidole changu mwenyewe akakiweka nyuma ya kisigino nikakuta kishimo, kidole kinazama mahali ambapo upande wa pili kuna mshipa mgumu kama kamba ya gitaa. Akasema huu ni mshipa mkubwa unaobeba kisigino, kano ya Achilles, umekatika, haukutakiwa kuchuliwa wala kukanyagiwa, na ungekuja mapema kazi ingekuwa nyepesi. Nikafanyiwa upasuaji, nikafungwa P.O.P, ile plasta ngumu, halafu magongo, halafu mazoezi ya viungo mpaka leo.

Naandika haya kwa kirefu makusudi. Mtu wa umri wangu anayekaa mwaka mzima bila kukimbia, akisukuma mguu ghafla akasikia kama kapigwa jiwe au teke kwa nyuma na mpiga haonekani, asichuliwe, asikubali kuambiwa ameteguka mpaka daktari amminye shavu la mguu kama nilivyominywa mimi. Ni kipimo cha nusu dakika, hakina gharama.

Sasa nije kwenye ugomvi. Bima ililipa upasuaji, sawa. Lakini bajaji ya kwenda na kurudi mazoezini ni mfukoni kwangu, daladala siwezi kuning'inia na magongo, na vipindi vya mazoezi bima ilifika mahali ikasema basi. Likizo yangu ikaandikwa ni ya ugonjwa wa kawaida. Kwa sheria yetu ya ajira likizo ya ugonjwa ni siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Mimi nilivuka zile 63, nikaanza kupokea nusu, na nina watoto wawili sekondari.

Nilipoenda kuuliza, afisa utawala akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka yangu, pole sana, lakini pale ulikuwa unacheza, hukuwa kazini."

Nimelala na hilo neno usiku mwingi. Kama nilikuwa nacheza, yule aliyeandika kuhudhuria ni lazima alikuwa anamlazimisha mtu kucheza? Karatasi ya mahudhurio nilisaini ya nini? Ile tisheti ilikuwa na nembo ya nani? Ningekataa kushika kamba kwenye hadhara ile na meneja amesimama pembeni anapiga makofi, tathmini yangu ya mwaka ingeandikwaje, si ndo ile wanasema huyu hashirikiani na wenzake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umeanzishwa kwa sheria ya 2008 na kazi umeanza 2015, mwajiri analipa asilimia 0.5 ya mishahara yetu, anatoa yeye, haikatwi kwetu. Sheria inazungumzia ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea ukiwa kwenye kazi. Mimi nasema ile Ijumaa saa tisa na nusu muda wangu ulikuwa wa mwajiri, na mguu wangu umekatika nikitekeleza alichoniambia nikifanye. Kama Mfuko utaona tofauti, na useme wenyewe, nitaheshimu. Lakini asiamue mtu wa utawala kwa neno moja ofisini halafu taarifa isiende kabisa, maana mwajiri anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 7 toka ajue ajali, na yangu alijua siku ileile, alikuwepo anatazama. Mfanyakazi aliyeumia kazini akashindwa kufanya kazi kwa muda, Mfuko unamlipa asilimia 70 ya mshahara. Mimi nimepokea 50. Hiyo ishirini ni ada ya shule, si jambo la kuliacha lipite.

Na wenye kuandaa hizi safari nawaomba, sisemi mfute. Nilifurahi sana asubuhi ile, nilikaa na watu wa uhasibu ambao miaka sita tunasalimiana kwa fomu tu. Kuvuta kamba wenyewe ni mchezo mzuri, ulikuwa hata Olimpiki kuanzia 1900 mpaka 1920, na wizara zetu zinashindana kila mwaka kwenye michezo ya SHIMIWI, ila wale wanafanya mazoezi, wana makocha, wana viatu vya kung'ata ardhi, wanajua kamba haizungushwi mkononi. Sisi mnatutoa mezani baada ya pilau. Basi pimeni uwanja, ukiwa umelowa ahirisheni, mkodi kamba nene ya mchezo, nesi mmoja awepo na gari moja isiondoke. Mwenye mgongo, mwenye presha, mjamzito ambaye hajataka kutangaza, aweze kukaa pembeni na kuhesabu pointi bila mshereheshaji kumtaja kwenye maiki. Gharama ya nesi wa siku moja haifiki hata ya tisheti.

Kilichonifanya niandike wiki hii ni kwamba nimejua juzi tu kuwa madai yanatakiwa yafunguliwe ndani ya miezi 12 toka ajali. Hakuna aliyeniambia, na ningekaa kimya ningeupitiliza huo muda huku nangoja huruma. Nimepeleka barua utawala kuomba ile taarifa ya ajali itoke sasa, nimeambatanisha ripoti ya daktari, nakala ya karatasi ya mahudhurio na tangazo la kwenye grupu. Imegongwa muhuri wa kupokelewa Jumanne. Wenzangu wawili waliokaa na mimi chini ya mwembe wamekubali kuandika walichokiona.

Nina wiki tano. Jina langu unalo, mhariri, naomba usilitoe maana kazi bado naihitaji.

Msomaji wako,
Mtunza stoo, Mbagala, Dar es Salaam