Usiiruke Tabora

Tabora

Mpendwa Mwanaidi,

Mwangaluka! Huku sote wazima, ila joto limetuzidi.

Mpango wako wa kuandika historia ya watafiti wa wadudu nchini umenifurahisha mno. Umeanza na kituo cha utafiti cha Wajerumani kule Amani, Usambara, kile cha 1902, ukapita Shinyanga, kisha hao mpaka Arusha. Tabora umeiruka, na hilo siliafiki hata kidogo.

Shinyanga sawa, maana ndiko Swynnerton, mkurugenzi wa kwanza wa utafiti wa mbung'o, inzi anayeeneza malale, Tanganyika, alikofanyia kazi, hadi ajali ya ndege ilipomuua 1938. Lakini mwenzake, Jackson, alifanya utafiti wake Kakoma, huku kwetu Tabora, kwenye pori letu la miombo. Hebu fikiria: mbung'o mzima, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa, ameshikwa taratibu asiumie, anatiwa nukta ya rangi mgongoni kisha anaachiwa. Baadaye watu wanazunguka pori na nyavu na kukamata tena. Katika waliokamatwa, wangapi wana nukta? Hapo unakadiria porini wamo wangapi. Jackson ni miongoni mwa wa mwanzo duniani kuwahesabu wadudu hivyo, na hesabu ya namna hiyo inatumika mpaka leo.

Wabeba nyavu walikuwa Waafrika. Wao ndio waliotembea pori kutwa, macho kwa kila inzi. Kwangu mimi hao nao ni watafiti, na nataka waingie kwenye andiko lako.

Halafu kuna nyuki. Nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ilizuia ng'ombe, na kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi wa watu, serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu vijiji kwa vijiji na kuwakusanya pamoja. Wazee waliumia sana, lakini pori likabaki, na nyuki wakabaki nalo. Warina asali wa Kinyamwezi walikuwa wakitundika mizinga ya magogo na magome kabla afisa yeyote hajafika, na wanajua mti gani unachanua lini. Ndiyo maana Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa mjini. Mbung'o na nyuki uwaweke sura moja, tafadhali, usiwatenganishe.

Ukiingia maktaba huko, nitafutie ripoti za zamani za idara ya mbung'o. Kurasa za Kakoma nitolee kopi, hasa zikitaja vibarua kwa majina. Mimi nitaanza kuwauliza wazee wa huku.

Msalimie mama.

Wako,
Shabani