Barua kwa Zuhura, kabla hajatoka tena kukimbia alfajiri

Dar es Salaam,
14 Januari

Mpendwa Zuhura,

Asalaam alaikum. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, na mara ya pili ilibidi niketi. Kuona giza ukikimbia kule Raskazone, Tanga, peke yako, jua halijatoka, ukashika ukuta wa watu mpaka macho yakarudi! Shoga yangu, hilo si jambo la mstari mmoja. Namshukuru Mungu hukuanguka barabarani. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana kwa simu huwa unanikatiza.

Usiku ule ulikula nini? Nakujua. Tangu uanze kuhangaika na tumbo, chakula cha usiku umekifanya adui. Kama ulilala na kikombe cha chai tu, halafu saa 11:30 ukaanza kukimbia, basi chakula chako cha mwisho cha maana kilikuwa cha mchana, saa 7. Hesabu mwenyewe: saa 16 na zaidi.

Mtu akilala, ubongo wake haulali njaa. Usiku kucha unatumia sukari, na sukari hiyo inatoka kwenye akiba ya ini. Akiba yenyewe ni ndogo, kama gramu 100 kwa mtu aliyekula vizuri, na ikifika alfajiri sehemu kubwa imeshakwisha. Misuli nayo ina akiba yake, kubwa kuliko ya ini, na usingizi hauigusi. Lakini misuli ina choyo: ilichoweka inakitumia yenyewe, hairudishi kwenye damu kiende kichwani. Nadhani ndiyo maana miguu yako ilikuwa bado inataka kwenda wakati macho yanaingia giza. Nadhani, maana sikuwepo. Ukila vizuri halafu kizunguzungu kikarudi, usitafute tena ushauri kwangu. Nenda hospitali upimwe presha na wingi wa damu.

Najua utaniambia kwamba tumbo tupu linayeyusha mafuta. Kwa saa ile ya mazoezi ni kweli, mwili unachoma mafuta zaidi. Ila siku ni ndefu, na mwili unafidia baadaye. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwachukua wasichana 20, wakawagawa makundi mawili: hawa wafanye mazoezi kabla ya kula, hawa baada ya kula, saa moja kwa siku, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 4. Chakula chao cha kutwa kilipangwa. Makundi yote mawili yalipungua uzito, na tofauti kati yao haikuonekana. Kwa hiyo hiyo njaa unayojitesa nayo haikuongezei kitu.

Na wale wakimbiaji wa Iten, Kenya, uliowataja, ni kweli wengi wao wanatoka alfajiri kabla ya kunywa chai. Lakini waangalie usiku: ugali wa kushiba, sukuma wiki, maziwa. Wakirudi wanakuta chai ya maziwa yenye sukari nyingi na mkate, na wengi wanalala tena. Wamezoea miaka na miaka, tena mwinukoni, mita 2,400 hivi juu ya bahari. Ukichukua alfajiri yao ukaacha usiku wao, umechukua nusu.

Kwa hiyo anza na usiku. Sahani ya wali au ugali, samaki, mchicha, saa 1 au saa 2. Ukila hivyo, kukimbia polepole dakika 30 au 40 bila kula kitu asubuhi hakutakudhuru, maji tu yanatosha. Ukipita saa nzima, au siku ya milima na mbio za kasi, hapo lazima uweke kitu tumboni.

Kitu gani, inategemea umebakiwa na muda gani. Mimi hili nilijifunza vibaya. Mwaka juzi kikundi chetu kilipanga kilomita 15 kupitia Daraja la Tanzanite. Niliogopa njaa, nikaamka saa 11, nikala chapati mbili za kiporo na maharage ya nazi, nikateremshia na chai ya maziwa. Saa 11:40 tukaondoka. Hata kilomita 4 hatujamaliza, kichomi kikanishika ubavu wa kulia, chini kabisa ya mbavu, kama mtu anazungusha kisu. Kila nikikanyaga, maharage yanapanda. Nilisimama darajani nimeshika chuma cha pembeni, cha baridi, nikatapika huku wenzangu wananipita. Jasho lilinitoka la ubaridi, na ladha ya nazi iliyochacha nilikaa nayo kinywani mpaka mchana. Chapati haina kosa, wala maharage. Mafuta na nyuzinyuzi vinakaa tumboni muda mrefu, na ukianza kukimbia damu inakwenda miguuni, tumbo linaachwa na mzigo wake. Kwa hiyo zile mbaazi zako za nazi na maandazi, nakuomba, ni za kurudia nyumbani.

Wewe tayari una saa ya kukuamsha: adhana ya alfajiri. Ikilia tu, kabla hujaenda kutawadha, kula ndizi kisukari tatu, zile zilizoiva mpaka ganda limeota madoa meusi, na chai ya rangi yenye vijiko viwili vya sukari. Swali, vaa viatu, funga kamba taratibu. Mpaka unatoka getini dakika 40 zimepita na tumbo limetulia. Kama ndizi hazipo, tende tatu nne. Kama tumbo linakataa kabisa asubuhi, kunywa hiyo chai peke yake uanze nayo, wiki ijayo ongeza nusu ndizi. Tumbo nalo hufunzwa, kama miguu.

Jumapili za mbio ndefu, amka saa 10. Najua ni mapema, lakini unakwenda Moshi kukimbia kilomita 21, na hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa na saa mbili mbele yako unaweza kula zaidi: bakuli la uji laini wa sembe wenye sukari, na vipande viwili vitatu vya boflo vilivyopakwa asali. Uji wa lishe wenye karanga na soya uache wa baada, ni mzito. Kipimo ninachotumia mimi ni gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili kama imebaki saa moja, na gramu mbili kama zimebaki saa mbili. Wewe una kilo 60, basi gramu 60 ni kama ndizi kubwa mbili na chai yako yenye sukari. Na siku ya Moshi kula kilekile ulichokula Jumapili zote. Hotelini watakuwekea mayai, soseji na juisi za kila rangi, vipite.

Maji, glasi moja ukiamka, basi. Kahawa kama umezoea, kikombe kidogo, nusu saa au saa moja kabla, uipe nafasi ikupeleke chooni ukiwa bado nyumbani.

Sasa mama. Umesema anataka kutembea nawe asubuhi, na nimefurahi sana. Lakini mama anachoma insulini, na kwake tumbo tupu ni hatari ya kweli. Apime sukari kabla ya kutoka, kila siku, bila kukosa. Ikiwa chini ya 5 mmol/L (kwa kipimo kingine, 90 mg/dL), ale kwanza, kipande cha mkate au ndizi, kisha apime tena. Awe na pipi mfukoni, na wewe uwe nazo. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kusema maneno yasiyoeleweka, ampe Mungu shukrani kwamba upo, uisimamishe safari hapohapo na umpe pipi au soda yenye sukari. Kabla ya siku ya kwanza mpeleke kliniki yake, daktari aseme kama dozi ibadilishwe. Usiongoze hilo kwa barua yangu.

Nimenunua tende Kariakoo, kilo mbili, laini. Nitazituma kwa basi la Ijumaa. Jumamosi nitakupigia saa 2 ukisharudi, nataka uniambie jana yake usiku ulikula nini, kabla hata hujaniambia ulikimbia kilomita ngapi.

Msalimie mama, mbusu mtoto.

Wako akupendaye,
Rehema