Heri ya Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya wapendwa!

Kupalizwa Mbinguni kumetufikia na baridi ya Agosti bado haijatuachia. Kwa kuwa tarehe 15 si siku ya mapumziko hapa Kenya, wengi wetu tutawahi Misa ya alfajiri kabla ya kupanda matatu, ama ile ya mchana pale mjini, Basilika ya Familia Takatifu, mkoba wa kazi ukiwa miguuni. Watoto wamefunga shule, tuje nao.

Mkesha wake, tarehe 14, Kanisa humkumbuka padre Maximilian Maria Kolbe. Naomba mwaka huu tusimpite haraka.

Alikuwa Mfransisko, mzaliwa wa Poland mwaka 1894, na kifua kikuu kilimtesa miaka mingi. Hakikumzuia kuanzisha jarida la Bikira Maria mwaka 1922, wala kwenda kufanya utume Nagasaki, Japani, mwaka 1930. Wanazi walimkamata Februari 1941. Mwezi wa tano alifikishwa kambi ya Auschwitz, akapewa namba 16670.

Mwishoni mwa Julai mfungwa mmoja akatoweka. Adhabu yake ilikuwa watu kumi wafe kwa njaa. Wafungwa walipangwa uwanjani, ofisa akapita akichagua. Mmoja wa waliochaguliwa, sajini Franciszek Gajowniczek, akamlilia mkewe na watoto wake. Ndipo Kolbe akatoka mstarini, jambo ambalo peke yake lingetosha kumletea risasi, akaomba aende badala ya huyo mwenye familia. Akaulizwa yeye ni nani. Akajibu kwamba ni padre Mkatoliki. Hakutafuta maelezo mengine. Upadre wake ulimtosha kuwa sababu. Mimi jibu hilo hunishika kila nikilisoma, kwa sababu huyo sajini hakuwa ndugu yake.

Kumi hao walifungiwa chini ya Bloku 11 bila chakula wala maji. Kolbe aliwaongoza kwa sala na nyimbo. Baada ya majuma mawili walikuwa wamebaki hai wanne, naye akiwamo, wakamalizwa kwa sindano ya sumu. Alinyoosha mkono mwenyewe. Hiyo ilikuwa tarehe 14. Kesho yake, siku ya Kupalizwa, mwili wake ukachomwa. Mtoto huyu wa Maria hakuachiwa hata kaburi, lakini sikukuu ya Mama yake aliipata.

Gajowniczek aliishi hadi 1995. Wanawe waliuawa kabla vita kwisha, na uchungu huo tusiufiche tunaposimulia. Mkewe ndiye aliyemkuta hai. Tarehe 10 Oktoba 1982 Gajowniczek alikuwapo Roma Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Kolbe mtakatifu na mfiadini. Papa yule yule tuliyempokea Nairobi mara tatu, 1980, 1985 na 1995.

Basi kwenye rozari ya mkesha, tukifika tendo la nne la utukufu, lile la Kupalizwa, tuwaombee akina baba wanaotafuta karo ya muhula wa tatu kwenye kazi za mjengo, akina mama wanaolea peke yao, na mapadre wetu, hasa yule anayerudi usiku kutoka kwa mgonjwa na hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Kwenu nyote, kuanzia Kayole hadi Kangemi, nawatakia sikukuu njema. Mtakatifu Maximilian Kolbe, utuombee.