Mwanangu, Hilo Doa Usilipake Rangi

Bugarika, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Picha uliyonitumia jana usiku nimeiona. Nimevaa miwani nikaikuza mpaka ikagoma. Doa la kahawia kwenye dari ya jipsamu ya chumba cha watoto, katikati hafifu, pembeni limejichora mstari mweusi kama chai iliyokaukia kwenye kitambaa cheupe. Na chini yake umeandika, "Mama, Jumamosi naleta fundi rangi, nataka liishe kabla ya sikukuu." Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona maneno hayatoshi humo. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani na kalamu.

Baba, fundi rangi mwambie asije kwanza.

Nyumba ya hapa mlimani naijua kuanzia jiwe la chini. Marehemu baba yako na mimi tulikuwepo mwamba ulipokuwa unapasuliwa, tukauwashia moto wa magogo na matairi mpaka ukawa mwekundu, tukaumwagia maji, ndipo nyundo ikaingia. Kila mfuko wa saruji uliopanda huku ulipanda kichwani mwa mtu, kwa sababu gari halifiki. Wewe hapo Buswelu umenunua nyumba iliyokwisha. Si vibaya, nilifurahi sana siku ile tulipokuja kuiombea. Ila nyumba ya kununua imeficha mambo yake. Chini ya rangi hujui kuna nini, juu ya siling bodi hujui kuna nini. Hilo doa ni nyumba imeanza kukueleza. Ukilipaka rangi unakuwa umeiziba mdomo.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Ulikuwa bweni, sikukusimulia yote. Lilitokea doa kama hilo juu ya kitanda changu, dogo, saizi ya sahani. Nikapaka rangi. Masika yakaja likarudi. Mtu akanishauri nipake rangi ya mafuta, eti maji hayatoboi. Nikapaka. Likakaa kimya kiangazi kizima, mimi nikaamini limepona. Masika yaliyofuata, alfajiri moja, nikiwa nimeshateremka Mwaloni Kirumba kuwahi dagaa, dari yote ya upande ule ilianguka. Niliporudi nilikuta vipande vimelala juu ya mto, pale pale ninapoweka kichwa, na ubao mmoja wenye msumari umesimama kwenye godoro. Nilikaa chini mlangoni nikashindwa hata kuita jirani.

Fundi aliyepanda baadaye alinionyesha kitu ambacho nataka ukikumbuke kuliko vyote humu. Tundu halikuwa juu ya kitanda. Lilikuwa kule sebuleni, karibu na kofia ya bati, lile bati linalofunika kilele cha paa, hatua nne au tano kutoka lilipokuwa doa. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye msumari mmoja, yanashuka taratibu yameng'ang'ania upande wa chini wa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, mpaka yanapokutana na kiungo cha mbao, hapo ndipo yanadondoka. Miaka yote ile nilikuwa napaka rangi mahali maji yanapotokea. Yalipoingilia sikuwahi kwenda hata siku moja. Na papi la pale, ule ubao ambao bati linapigiliwa juu yake, lilikuwa limeoza. Nililishika likamenyeka kwa vidole kama kiazi kilichoiva sana.

Msumari wenyewe ulikuwa umepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo. Kwenye bonde ndiko maji yote ya mvua yanapita, kwa hiyo msumari ule ulikuwa unaogeshwa kila mvua. Aliyepaua alilipwa akaondoka zake, mimi sikuwa najua cha kukagua.

Sasa wewe fanya hivi. Usisubiri mvua. Tafuta mpira wa maji mrefu, mtu mmoja apande juu, wewe ingia darini na tochi. Kanyaga mbao tu, ukikanyaga jipsamu utatokea sebuleni. Aanze kumwagia sehemu ya chini ya paa, huku karibu na fishabodi, ubao wa ukingoni mwa paa, akae hapo kama dakika kumi, ndipo apande kidogo, tena akae. Asianzie juu. Akianzia juu maji yatateremka kupita kila mahali na utaona unyevu bila kujua umetoka wapi. Akianza chini, siku tone litakapotokea utajua ni pale pale aliposimama. Na anapotembea juu ya bati akanyage mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi. Aende asubuhi, bati likiwa kavu. Jua la saa sita juu ya bati linaunguza mikono, na bati lenye umande linateleza kama samaki.

Mkiupata msumari, usikubali aupake lami tu. Lami inazuia maji kwa msimu mmoja, jua linaipasua, unarudi kule kule. Ule mpira mdogo chini ya kichwa cha msumari ndio unaozuia maji, na mpira huo jua linaukomaza mpaka unakatika. Ang'oe, apige mnene zaidi wenye mpira mpya. Kama tundu limeliwa na kutu likawa kubwa, bati hilo lote libadilishwe. Na dukani uliza geji, yaani unene wa bati. Wengi wanadhani namba kubwa ndiyo imara. Ni kinyume chake, geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Muuzaji hatakwambia usipouliza.

Umeuliza pia habari ya nyufa za ukuta wa jikoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini mimi nimejifunza kwamba kabla ya kuziba ufa lazima uujue. Chukua penseli. Pale ufa unapoishia, juu na chini, chora kistari, andika tarehe ukutani hapo hapo. Mkwe wangu asikasirike, penseli inafutika. Baada ya miezi miwili mitatu angalia. Kama ufa haujavuka kistari, na ni mwembamba kama unywele, ni plasta tu, skimu, lile lipu laini la juu, itaumaliza. Kama umevuka, au unapanda kwa ngazi ngazi ukifuata maungio ya tofali, mara nyingi tatizo liko chini kwenye msingi, na hapo saruji ya juu ni kupoteza hela. Waulize majirani wazee kama eneo hilo lilikuwa mbuga. Udongo mweusi wa mbuga unavimba masika na kunywea kiangazi, nyumba inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Sisi wa mlimani hatuna shida hiyo, tumekalia mwamba.

Shida yetu sisi ni maji ya jirani wa juu. Unakumbuka ule ukuta wa mawe nyuma ya jiko, uliokuwa unapanda kukalia ukitaka kuliona ziwa? Ulianguka usiku mmoja wa mvua. Watu walisema mawe yalikuwa mabaya. Mawe yalikuwa mazuri kabisa. Yaliyousukuma ni maji yaliyojikusanya nyuma yake yakakosa pa kutokea, kwa sababu tulitaka upendeze, tukaupiga plasta mwanzo mpaka mwisho. Wa sasa nimewaambia waache matobo, kila baada ya hatua moja kipande cha bomba kimetokeza, na nyuma yake kumejazwa kokoto. Mvua ikinyesha unaona yote yanatiririka kama ng'ombe anakamuliwa. Sasa nikisikia ngurumo nalala. Hapo kwako ni tambarare, lakini zunguka nyumba mvua ikiwa inanyesha, chukua mwamvuli uone maji yanaelekea wapi. Yakituama ukutani, chimba mtaro kabla ya kununua hayo mapazia mapya.

Umeme. Hapa nakuomba unisikilize kama mama yako. Miaka ile bomba la bafuni lilikuwa linanitekenya nikishika na mkono wenye maji. Nikalipuuza, nikawa nafungua kwa kitambaa. Mpaka radi ya usiku ikaunguza televisheni na friji kwa pamoja. Alipokuja fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, kitu cha kwanza aliuliza ethi rodi iko wapi, ile fimbo ya chuma inayopeleka umeme ardhini. Tukafukua. Ilitakiwa iwe ndefu, iingie chini kabisa. Tulichokuta ni kipande cha urefu wa mkono wangu, kimekatwa kwa msumeno. Aliyefunga alipofika kwenye mwamba alichoka, akakata iliyobaki, akafukia, akadai hela yake yote. Miaka tisa watoto wangu wameoga kwenye bafu lile. Yule wa pili alizunguka mpaka akapata udongo wenye unyevu upande wa bondeni, akazamisha rodi mbili na kuziunganisha. Kwa hiyo kwako, hata kama hakuna kinachotekenya, mwite fundi aje na kipimo chake apime ethi, na aiangalie saketi breka kama inakata. Hapa kwetu kanda ya ziwa radi ni nyingi, wewe mwenyewe umekulia humu. Mawingu yakijikusanya huko ziwani, chomoa friji na televisheni, usingoje.

Bili ya maji uliyosema imepanda, hilo lina kipimo chake, nimeshakifanya mara nyingi. Usiku mnapokwenda kulala, funga koki zote, soma mita, andika. Asubuhi kabla ya mtu kunawa uso, soma tena. Namba ikiwa imesogea kuna mahali panavuja. Mara nyingi ni boya la tanki la choo au la simtanki juu. Na hiyo simtanki ya lita 1,000, nilipokuja niliona stuli yake ya kukalia imejengwa kwa tofali bila nguzo. Likijaa lina tani nzima, mwanangu, na watoto wanacheza chini yake. Hilo lipange mwezi ujao, kabla ya geti unalotaka kuweka.

Wadudu wa ziwani wanaojaa dirishani jioni, weka wavu na uzime taa ya nje. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU unaponunua umeme, kwa hiyo mpangaji wako wa chumba cha uani akilalamika kwamba mita yake inamkata, msikilize, hiyo kodi ni yako mwenye nyumba, mrudishie hela yake.

Kuhusu mafundi. Nimekusoma humo kwenye ujumbe unawalaumu wote. Usifanye hivyo. Kijana aliyenionyesha lile tundu la bati ni fundi, na yule wa rodi mbili ni fundi, nao wameniokoa. Kinachotuponza ni kuwaachia hela na kuondoka. Vifaa nenda ukanunue mwenyewe, hesabu mifuko inapoingia na hesabu mifuko mitupu jioni. Hela ya ufundi igawe: akianza, akifika katikati, na ya mwisho baada ya wewe kupanda na kuona. Kitakachofukiwa au kuzibwa, bomba, waya, nondo, lazima ukione kabla hakijafukiwa. Kwenye simu yako una kamera, piga picha. Muulize kwa nini anafanya hivi. Fundi anayeijua kazi yake hukueleza kwa furaha, na atakayekasirika kwa kuulizwa, mlipe alichofanya, agana naye kwa heri. Na wapikieni chakula cha mchana. Mtu aliyekula kwako huona aibu kukufanyia kazi ya ovyo.

Jumamosi ninakuja. Nitashika daladala ya kwanza, nitakuwa hapo kabla ya saa mbili. Ule mpira wangu wa maji mrefu nitakuja nao, wewe azima ngazi kwa jirani na ununue betri za tochi. Mwambie mkwe wangu asihangaike na chai, nitakuja na samaki wawili sato.

Ila kitanda cha watoto kisogezeni kitoke chini ya lile doa leo hii, kabla hawajalala.

Mama yako